Bonge la Magadi

Mtu akisikia nina tangi la maji ya chumvi sebuleni kwangu hapa Themi, swali la kwanza ni samaki wako wapi. Samaki sina. Nina tumbawe moja la rangi ya machungwa, ukubwa wa ngumi mbili, lenye vinywa kumi na tisa ambavyo vinalishwa kimoja kimoja kwa bomba la sindano. Mume wangu alipoliona siku ya kwanza alisema, "Mke wangu, sasa na mawe nayo tunayapikia?" Nikamwambia ndiyo, na ukizubaa litakula kabla yako.

Lilitoka hotelini. Hoteli moja ya mjini ilikuwa inaondoa tangi lake la mapokezi, na msimamizi wake, mteja wangu wa siku nyingi kwenye duka langu la dawa kule Daraja Mbili, akaniambia kuna kitu kimebaki hakuna anayekitaka, na karatasi zake zote zipo. Nilikwenda kutazama tu. Fundi aliyekuwa anabomoa tangi akanipa somo bila kuombwa. Matumbawe mengi, alisema, yana vijimea vidogo ndani ya mwili vinavyoyatengenezea chakula kwa mwanga, kwa hiyo ukiwasha taa umemaliza. Hili halina. Lisipolishwa kwa mkono linakufa njaa. "Na kwa shughuli za watu wa Arusha, nani ana muda huo? Hili litakufa, dada. Achana nalo."

Hapo ndipo alipokosea. Mimi ukiniambia achana nacho, umeshanikabidhi. Nilirudi nyumbani na ndoo mapajani.

Miezi ya mwanzo nilijitahidi, na nasema hivyo nikijua nilivyokuwa najidanganya. Nilijifunza kuchanganya chumvi. Nilijifunza kuyeyusha uduvi wa kwenye friza na kuusukuma taratibu mbele ya kila kinywa. Lakini nililisha pale nilipopata nafasi: leo asubuhi kabla ya kwenda dukani, kesho baada ya chakula cha jioni, keshokutwa sikulisha kabisa kwa sababu kulikuwa na mzigo wa kupokea. Vinywa vikaanza kugoma. Siku nyingine vilifunguka vinane, siku nyingine vitatu. Nyama yake ikawa nyembamba, hata weupe wa jiwe ukaanza kuonekana chini yake. Niliona aibu, na mimi aibu hunitoka kama hasira.

Ndipo mama yangu alipokuja kuishi nasi. Alikuwa anakaa peke yake Machame na ng'ombe mmoja. Siku moja akateleza akiwa amebeba majani, akavunjika mkono. Nilimfuata mwenyewe. Nikamwambia uza ng'ombe, Mama, twende mjini, sitaki kusikia lingine. Aliuza. Alikuja na begi moja. Mkono ulipopona akawa hana la kufanya. Nyumba ni ndogo, majirani wote wako kazini, na jikoni nilikuwa simruhusu ashike kitu kizito. Aliniambia, "Nimekaa hapa kama mtu aliyekuja msibani." Nilicheka. Sikujua kwamba haukuwa utani.

Alikuwa anavuta kiti anakaa mbele ya tangi.

"Huyu ni mnyama?" akaniuliza siku moja.

"Ni mnyama, Mama."

"Anatoka nje?"

"Hatoki."

"Basi ni wa bandani," akasema, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa kila kitu.

Kwetu ng'ombe hachungwi. Mashamba yamebanana, kwa hiyo ng'ombe anakaa bandani maisha yake yote na majani anabebewa kichwani kutoka chini kwenye tambarare. Mama alibeba majani hayo tangu akiwa msichana. Lakini mimi nilikuwa nakimbilia dukani, nikamjibu, "Haya Mama, ni wa bandani," nikatoka.

Siku ya Jumanne nilirudi mchana kuchukua funguo nilizozisahau. Maji ya tangi yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Chini, katikati ya mchanga, kulikuwa na bonge la kijivu, ukubwa wa yai. Nilizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, nikalitoa, nikalinusa. Magadi! Magadi yale yale ya kulainishia maharage, kwenye maji ambayo mimi huyapima kwa matone.

"Mama! Umefanya nini?"

Alitoka jikoni akiwa anatabasamu, Mungu wangu, anatabasamu. "Nimempa magadi alambe. Amegoma kula siku tatu, nimemwona. Ng'ombe akigoma unampa magadi, hamu inarudi."

Nikacharuka. Sitayapamba niliyoyasema. "Hili siyo ng'ombe! Hapa siyo Machame! Umekuja kuniulia kitu changu ndani ya nyumba yangu!"

Mume wangu alikuwa mlangoni, amekuja kula. Mama akafuta mikono kwenye kanga yake, pole pole, kidole kimoja kimoja, akasema, "Samahani, mwenye nyumba." Akarudi jikoni.

Nilipopima maji, rangi ya kipimo ilikwenda zambarau, yaani magadi yamezidi mno. Kuyabadilisha yote kwa mkupuo kungelimaliza tumbawe kabisa, kwa hiyo tuliyabadilisha kidogo kidogo kwa siku tatu, mume wangu akibeba ndoo na kulalamika mgongo. Duka nililifungua kwa kuibia. Maji yakarudi kuwa safi. Vinywa vyote kumi na tisa vilikuwa vimefungwa ndi, na vinne kati yake vilibaki matundu matupu, hakuna nyama. Sikukubali. Nilisema hili litakula, hata kama nitalala sakafuni mbele yake.

Mama naye alitoa tamko lake: Jumamosi anarudi Machame. Nikamjibu, "Sawa." Neno moja tu. Tumetoka tumbo moja la ukaidi, mimi na yeye, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulegea.

Ijumaa mchana nilimpigia pasi vitenge vyake. Nikaona angalau niviweke mwenyewe kwenye begi, aone kwamba sijali akiondoka. Begi lilikuwa chini ya kitanda. Nilipolifungua nikakuta chini kabisa kitambaa kimefungwa fundo, ndani yake hamna kitu ila unga unga wa kijivu. Nikaulamba kwenye kidole. Magadi. Na pembeni ya kitambaa kulikuwa na kamba ya katani, imechakaa, imekuwa laini na nyeusi pale inapopita shingoni, bado ina manyoya mekundu mekundu yamenasa kwenye nyuzi.

Alitoka kwake na begi moja, na humo alibeba kamba ya ng'ombe wake na bonge la mwisho la magadi yake. Na lile bonge, kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa mnyama mgonjwa, alikuwa amempa wa kwangu. Nilikaa kwenye kitanda chake nikalia, tena kwa sauti.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya ndizi. Nikachukua kisu kingine nikakaa.

"Mama, ile kamba ni ya yule?"

"Ya yule." Hakuniangalia. "Mnunuzi alikuja na ya kwake."

Tukamenya.

"Mama, nimekukosea. Hapa ni kwako. Nisamehe."

"Ulinitukana mbele ya mumeo."

"Ndiyo. Nilikutukana."

Akamaliza ndizi yake, akachukua nyingine. Nilidhani ndiyo basi tena. Kisha akauliza, "Yule mnyama wako, unamlisha saa ngapi?"

"Nikirudi."

"Nikirudi ndiyo saa ngapi?"

Mtu mzima na duka langu, nikainamia beseni la ndizi kama mwanafunzi aliyesahau daftari.

"Wangu alikuwa anakula saa kumi," akasema. "Mvua, jua, msiba, harusi, saa kumi. Kwanza anasikia panga langu linakata mgomba, anajua chakula kinakuja, anasimama. Wako atajuaje lini afungue mdomo? Leo asubuhi, kesho usiku. Hata mimi ningegoma." Akaweka kisu chini. "Nampa wiki moja. Halafu naondoka."

Tukaanza siku hiyo hiyo. Nilimwonyesha mashine ya kusukuma maji inavyozimwa. Nilimwonyesha uduvi, na yeye ndiye aliyeuliza kama kuna namna ya kumwonjesha kwanza, asikie harufu, kama panga na mgomba. Nikamwambia jamani, Mama, maji ya ule uduvi yana harufu ya kutosha. Basi ikawa hivyo. Saa kumi kamili anazima mashine, anadondosha matone ya maji ya uduvi, anakaa kwenye kiti chake, anasubiri nusu saa. Halafu anatoa maji yaliyochafuka kwa jagi, anaongeza mapya niliyomwachia tayari, anawasha mashine, anafunika.

Jumamosi, hakuna. Jumapili alitoka ibadani, akakaa, hakuna. Jumatatu, hakuna. Nilikuwa napiga simu kutoka dukani kila siku saa kumi na nusu, na kila siku ananijibu, "Bado. Usinisumbue." Jumanne jioni niliona ukingo mwingine wa nyama umerudi nyuma na nikamwambia Mama labda fundi yule wa hotelini alisema kweli. Akanikata jicho. "Ng'ombe aliyelala wiki tatu bila kusimama, nilishamsimamisha. Wewe nenda kapike."

Jumatano simu ikaita, tena saa kumi na dakika kumi. Nilikuwa namhesabia mzee mmoja vidonge vyake vya presha.

"Kimefunguka," Mama akasema kwa kunong'ona, kana kwamba tumbawe litamsikia. "Kimoja. Cha juu kulia. Nifanyeje?"

"Chukua bomba! Weka uduvi mmoja, usukume pole pole!"

"Kinywa chenyewe kidogo."

"Na kiwe kidogo! Mpe!"

Nikasikia anaongea Kichaga, ile sauti ya chini aliyokuwa anaongea bandani asubuhi nikiwa mtoto, nikiwa bado kitandani na najua kwamba mambo yote yako sawa. Mzee wa vidonge alinitazama. Nililia mbele yake bila kujificha.

"Ameshika," Mama akasema. "Amemeza. Haya, kata simu, na mwingine anafungua."

Vinywa kumi na tano vilirudi. Vile vinne havikurudi, na sitadanganya kwamba vitarudi. Lakini sasa ikifika saa kumi kasoro robo, kabla mtu hajagusa uduvi, vyote kumi na tano vinakuwa vimeshafunguka, vya rangi ya machungwa, vimenyoosha nyuzi zake, vinamsubiri.

Ijumaa iliyofuata nilirudi mapema. Begi la Mama lilikuwa limerudishwa chini ya kitanda. Ile kamba haikuwemo tena; ilikuwa imetundikwa kwenye msumari pembeni ya tangi, juu kidogo ya swichi ya mashine. Yeye alikuwa kwenye kiti chake, bomba mkononi, miwani imeshuka puani.

"Mama," nikasema, nikimchokoza, "wiki imeisha. Kesho ni Jumamosi."

"Najua ni Jumamosi," akasema, bila kugeuka. "Leta chumvi. Ile iliyobaki haitufikishi Jumatatu."