Jiko la Wageni

Kila nyumba ya Mtaliano mtaani Saint-Léonard, Montreal, ina majiko mawili: la juu la kutazamwa, na la chini ya ardhi la kupikia. Mvua ya Agosti ilipojaza maji kule chini, jiko la umeme la Mama Assunta lilizama nusu. Alilianika wiki nzima bila kuligusa, kisha akamwita fundi Réjean.

Réjean akafungua mgongo wa jiko, akapima waya mmoja mmoja, akatikisa kichwa. "Mama, hili limekufa. Si una jingine juu?"

"Lile la wageni."

"Kwani wageni ndio wanaopika?"

"Usinichoshe, mwanangu. Nyanya zangu zinaoza."

Wakapanda. Réjean akazungusha swichi, jiko halikuwaka. Akalivuta jiko, akachungulia nyuma, akacheka hadi akakaa sakafuni. Waya wa umeme ulikuwa bado umefungwa kamba ya dukani, haujawahi kuchomekwa ukutani.

Assunta naye alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akajifuta machozi kwa aproni.

"Haya, hili lishushe nikapike. Lile bovu lipandishe hapa, ulifute ling'ae. Miaka ishirini na sita, hakuna mgeni aliyewahi kuuliza kama linawaka."