Fundi Viatu Aliyejitoa Kibandani Mwake

Mdogo wangu ni fundi viatu, mwaka wa thelathini na sita huu, na mimi niliyembeba mgongoni namjua kuliko anavyojijua. Akishika kiatu chakavu hukigeuza, akaangalia soli, kisha akakuambia mwenye kiatu anatembeaje, ana uzito gani na kama amegombana na mkewe. Hilo la mke hubahatisha. Mengine hupatia.

Ugonjwa wake ni mpira wa kikapu, ile ligi kubwa ya kulipwa ya ng'ambo. Yeye na wenzake saba wana kundi. Kabla ya msimu hukutana kibandani kwake wakachagua wachezaji kwa zamu. Mchezaji akifunga kule, pointi zinaingia kwa aliyemchagua huku. Kanuni aliziandika yeye, kwa wino mwekundu. Mojawapo inasema atakayeshika mkia misimu mitatu mfululizo anatoka kundini. Hiyo aliitunga akimlenga kinyozi, jirani yake.

Sasa mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyekuwa ameshika mkia mara mbili mfululizo.

Ligi ilipokuwa mapumzikoni alisoma habari zote kwenye simu yangu, maana simu yake imepasuka kioo: nani kahama timu, nani kaongeza mkataba, nani kanenepa. Siku ya kuchagua, kura ikampa zamu ya kwanza. Wote walijua atamchukua mfungaji bora. Yeye akanyanyua simu yangu, wakamwona mfungaji bora huyo pichani, yuko likizoni, miguu juu ya kiti, soli nje.

"Tazameni kisigino. Kimelika upande mmoja. Goti hilo halifiki nusu ya msimu."

"Fundi, huyu anafunga pointi thelathini kila mechi," alisema kinyozi.

"Kwa goti gani?"

"Kwa mikono, ndugu yangu."

Hakusikia. Akachagua kijana mgeni wa ligi, asiyejulikana hata kwao, ila soli zake zilikuwa safi kabisa. Kinyozi akamnyakua mfungaji bora papo hapo.

Msimu ulipoanza tukajua kwa nini soli za kijana zilikuwa safi: alikuwa hakimbii. Alikaa benchi mpaka mechi ya mwisho, taulo shingoni. Mfungaji bora alicheza mechi zote, hata kuchechemea hakuchechemea.

Mkia, mara ya tatu. Wenzake walimhurumia.

"Tuifute tu kanuni," alisema mwalimu, ndiye mpole wao. "Nani atatuuliza?"

"Wino mwekundu haufutwi," alijibu mdogo wangu.

Msimu mwingine ulipokaribia, akabeba kigoda chake, nyundo na kopo la gundi, akawaachia kibanda, akaketi nje mlangoni akigonga soli. Wateja wakamwuliza kama amehamishwa. Akasema ndiyo.

Kundi likabaki na watu saba, nao wanataka wanane. Wakaniomba mimi. Darasa la saba langu linatosha, na wachezaji wa miaka ishirini nyuma nawataja bila kusoma popote. Nikaketi pale alipokuwa akiketi. Zamu yangu ilipofika nikamtaja mlinzi mmoja aliyehamia timu mpya. Nyundo ikanyamaza. Kichwa cha mdogo wangu kikachungulia dirishani.

"Dada, viatu vyake umeviangalia?"

"Nimeviangalia."

"Ukaona nini?"

"Vikubwa. Endelea na kazi."