Mlinzi na Mrushaji

Mlinzi wa jengo letu la Silicon Oasis huku ughaibuni, mtu wa Kitale, hupanga funguo mezani kama timu. Mwanawe anacheza futiboli ya Kimarekani huko Marekani. Ndiye mrushaji wa mpira, na vyuo viwili vinamtaka. Kimoja huwatawanya wachezaji uwanja mzima ili mpira utoke upesi. Kingine huwabana karibu na mrushaji kama ukuta. Kila nikipita, vidole vinene vya mlinzi vinasogeza funguo zote karibu na ule mmoja wa katikati. "Bosi, mtu wa maana haachwi peke yake," huniambia kwa sauti ya chini, huku macho yakiwa mlangoni.

Jana jioni simu yake ililia nikiwa mbele yake, akaiweka kwenye spika; alikuwa mwanawe. "Mzee, nishatia saini. Naenda kwa wale wa kutawanyika."

Mkono wake ukaganda hewani. Mpangaji aligonga kioo mara mbili na mlinzi hakusikia, yeye anayeinuka kabla hujafika.

"Na ukigongwa?"

"Zi, sitagongwa, mzee. Mpira utakuwa ushatoka."

"Mpira utoke. Na wewe, utabaki na nani?"

Kijana alicheka. Mlinzi akazisogeza funguo zote karibu na ule wa katikati.