Wanapigania Zawadi

Asubuhi hii redio imesema kwamba Kidal, ule mji wa jangwani kaskazini mwa Mali, bado unagombaniwa na jeshi na wapiganaji wa Kituareg wanaotaka nchi yao, Azawad. Vita si jambo la kucheka, najua, lakini nilicheka peke yangu jikoni. Nilimkumbuka nyanya.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi kwenye ploti ya kupanga hapa Kitengela. Nyanya, aliyetoka Kakamega kuja kutulea, hakukosa taarifa ya saa saba. Sikio lake moja lilikuwa zito, na kila mtangazaji aliposema "Azawad" yeye alisikia "zawadi".

"Hawa watu wanapigania zawadi gani haiishi?" aliuliza huku akikaanga omena. Hakuna aliyemrekebisha, na sisi watoto tuliamini.

Jangwa letu lilikuwa karibu. Mwalimu jirani alikuwa anajenga, na lori lilimwaga mchanga nje ya geti lake. Tukauita Kidal, tukagombania kilele chake. Upande mmoja sisi wa ploti. Upande wa pili binti wa mama aliyetuuzia maziwa, Mmaasai, na ndugu zake na mbuzi wao. Kila siku binti huyo alitutangulia kileleni, akatusalimia "Sopa!" kwa madaha. Nilimwonea wivu sana.

Jumamosi moja nyanya akatangaza, "Mwenye nitapata juu nikitoka, niko na zawadi yake." Sijawahi kutaka kitu hivyo. Tukavutana, tukabiringishana, mbuzi wakatimka, na hatimaye nikasimama juu, pumzi zikinipaa.

Nyanya akatoka na karai na ufagio. "Haya mkubwa, zawadi yako ndio hii. Mwenye kumwaga ndiye mwenye kuzoa."

Nikatazama chini. Mchanga wa mwalimu ulikuwa umetapakaa nyasini mpaka mtaroni, na mwenyewe alikuwa getini, mikono kiunoni. Machozi yalinilengalenga. Yule binti akashika upande wa pili wa karai, akasema, "Leta, tubebe." Majeshi yote mawili yalizoa mpaka alasiri, kisha tukala chapati za nyanya, moto moto, zenye mchanga kidogo.

Siku hizi hapo pana nyumba ya mwalimu na ukuta mrefu. Yule binti na ndugu zake walihamia Kisaju na mbuzi wao, na nyanya amelala kaburini kwao Kakamega. Ninamkosa sana. Angekuwa nami asubuhi hii, angesikiliza taarifa mpaka mwisho, kisha aulize tu, "Na hiyo mchanga yote, nani ako na karai?"