Raba Nane za Lori la Babu

Kipuri kipya cha kuiga kina harufu yake, na aliyewahi kukaa karibu na gereji ataijua hata akiwa amefumba macho. Ukipasua mfuko wake wa plastiki hutoka harufu ya raba mbichi iliyochanganyika na gundi na rangi iliyopakwa haraka haraka, harufu kali ya kukwaruza koo, na mara baada yake hufuata sauti ya fundi akiguna. Mwaka niliotimiza miaka kumi na mmoja, harufu hiyo ilijaa uani kwetu Mjambere, Mombasa, kuanzia Oktoba hadi Krismasi, ikaushinda hata moshi wa kuni uliotoka jikoni kwa Hawe. Hawe ni nyanya yangu mzaa baba. Sisi Wagiriama ndivyo tunavyomwita nyanya. Yeye alisema nguo zake zote zinanuka duka la vipuri, na kwamba hata Mungu kanisani lazima alikuwa anajiuliza huyu mama amekuwa dereva lini.

Chanzo cha yote kilikuwa lori la babu, lori la pua ndefu, la zamani kiasi kwamba wenye magari mapya walipolipita njiani walipiga honi, kwa heshima au kwa dhihaka, sijui. Babu alilibebea nazi na makuti kutoka Kaloleni kwa miaka mingi, akafariki, nalo likasimama uani miaka minne bila kuwashwa. Kuku walitaga chini ya kiti cha dereva. Baba Mkubwa, kaka yake Baba, alitaka likatwe liuzwe chuma chakavu ili pale liliposimama vijengwe vyumba vya kupangisha, na sikatai, lilikuwa wazo la mtu mwenye akili. Lakini mwaka huo Baba aliachishwa kazi ya udereva huko Changamwe, na kila asubuhi nilimwona akilizunguka lile lori, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Mbele ya Hawe ndugu hao wawili wakakubaliana: lori likimfikisha Hawe Kaloleni kwa Krismasi, kwa magurudumu yake lenyewe, litabaki na Baba alifanyie kazi, likishindwa, wakata vyuma waitwe kabla ya mwaka mpya. Hata mimi mtoto nilielewa kwamba lori likienda, Baba atabaki mtu asiye na kazi, na pengine asiye na hamu ya kuitafuta.

Fundi wetu aliitwa Mutiso, Mkamba aliyekuja pwani kutafuta kazi ya kiwandani akaishia chini ya magari. Alikuwa mwanakwaya, mwepesi wa hasira, mwepesi zaidi wa kucheka, na Kiswahili chake cha bara kilimvunja Hawe mbavu, maana kwa Mutiso kila kitu duniani kilikuwa "hii". Vipuri halisi vya lori kama lile viliacha kutengenezwa kabla sijazaliwa. Vilivyobaki madukani vilikuwa vya kuiga, vilivyochongwa na mtu ambaye, kwa maoni ya Mutiso, lori lenyewe hakuliona, alisimuliwa tu. Mpira wa kupitishia maji ya rejeta ulikuja mpana, akauwekea ndani ukanda wa tyubu ya baiskeli ndipo ukabana. Kioo cha pembeni kilikuja na matundu matatu, mlango ulikuwa na mawili, na hata hayo mawili hayakuelekeana na lolote katika yale matatu. Raba ya kuzungushia kioo cha mbele ilipungua kiasi cha kiganja, akaiunga kwa kipande cha kandambili, na hadi mwisho wa maisha yake lori letu lilikuwa na kona moja ya bluu. Hakuwahi kurudisha kitu dukani. Alikuwa na desturi zake mbili: kununua kila kipuri cha kuiga mara mbili, kwa sababu kimoja lazima kiharibike katika kufundishwa, na kuzungumza nacho kikikaidi. "Hii haina makosa," alimwambia Baba huku akipiga tupa. "Hii haikulelewa tu. Sisi ndio tutalea."

Breki ndizo zilizomnyima raha. Ndani ya kila gurudumu kulikuwa na silinda ndogo, na ndani ya silinda raba mbili mfano wa vikombe vya watoto, ambazo husukumwa na mafuta ya breki ili gari lisimame. Magurudumu manne, raba nane. Zilizouzwa Mombasa nzima zilikuwa za aina moja tu, na zilikuwa pana kuliko silinda zetu kwa unywele mmoja. Mutiso alizisugua silinda kwa ndani siku mbili nzima, kwa msasa laini alioufunga kwenye kijiti, huku akiziambia zisimwaibishe. Kisha akavitazama vidole vyake vinene, akavitazama vyangu, akaniita nikae chini. Alinipa kopo la mafuta ya breki akasema, "Unachovya hapa, unasukuma pole pole. Hapa tu, Kadzo. Usiweke kitu ingine." Halafu akaingia chini ya lori na wimbo wake wa kwaya.

Nilichovya, nikasukuma, nikalia. Asubuhi ile nilikuwa nimemkunia Hawe nazi, na mbuzi ya kukunia ilikuwa imenikwaruza vidole, kwa hiyo mafuta ya breki yaliniwasha kama pilipili. Tena raba yenyewe iligoma, ikajipinda, ikanirukia usoni. Sasa, kwetu pwani hakuna pahali mafuta ya nazi yasipoingia. Ni ya nywele, ni ya ngozi ya mtoto mchanga, ni ya bawaba za mlango, ni ya cherehani inayolia, na wiki hiyo hiyo Hawe alikuwa amemvua jirani pete iliyomkaba kidole kwa mafuta hayo hayo. Nikawaza, kama yameishinda pete ya ndoa, raba ni nini? Nilikwenda jikoni nikachota kijiko kimoja. Raba ya kwanza iliingia bila hata kuguna. Mutiso alipochungulia akaikuta imekaa sawasawa alipiga mluzi, akamwita Baba aje aone, akasema msichana huyu ana mkono wa dhahabu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Raba saba zilizobaki nilizitia zote kwa mafuta ya nazi, nikakipangusa kijiko kwenye gauni langu, nikajiona fundi.

Jumamosi iliyofuata, siku chache kabla ya Krismasi, lori likatolewa nje. Baba Mkubwa alikuja kushuhudia akiwa amevaa shati lake la Jumapili. Baba alikanyaga breki mara mbili tatu uani, lori likasimama kwa adabu, majirani wakapiga makofi, nasi wanne tukaondoka: Baba kwenye usukani, mimi katikati, Mutiso dirishani, Baba Mkubwa nyuma amesimama. Tulikuwa hatujafika barabara kuu nilipomwona Baba amekunja uso. Lori lilikuwa zito, linajivuta kama limefungwa kamba kwa nyuma. Kisha moshi ukaanza kutoka kwenye gurudumu la mbele, na harufu ya kuungua ikaingia ndani, na mbele ya maduka lori likasimama lenyewe bila kuambiwa. Breki zilikuwa zimeshika na hazitaki kuachia. Mutiso alilegeza skrubu za magurudumu ili breki ziachie, mafuta ya breki yakamwagika mchangani, na watu wakatusukuma hadi nyumbani, wengine wakisaidia, wengine wakitucheka, wengine wakifanya yote mawili kwa pamoja.

Mutiso hakulifungua gurudumu hata moja. Kwa nini afungue, na jibu alikuwa nalo tangu siku ya kwanza? Raba ni za kuiga, ni pana, zimepata moto zikakwama. Alikuwa na nane nyingine mfukoni, lakini zilikuwa za mama mmoja baba mmoja na hizi. Alimwambia Baba kwa sauti ya chini, bila mzaha wowote, kwamba yeye hawezi kumpakia Hawe kwenye gari lenye breki asizoziamini, na kama Baba anataka fundi wa kufanya hivyo, amtafute kwingine. Baba alimwambia, "Umefanya uwezavyo, ndugu yangu," akamshika mkono. Mimi nilikuwa nimesimama hapo karibu, na neno lilikuwa limenifika kooni. Siku ile nilijua kwamba woga una ladha, na ladha yake ni ya mafuta ya nazi. Nilinyamaza. Nilikuwa na hakika kwamba nikisema nitachapwa, na si hilo tu, nitakuwa mtoto aliyemnyang'anya baba yake kazi. Jumamosi ile Baba hakula. Jumapili kanisani alisimama watu walipokaa, akakaa waliposimama.

Jumapili mchana nilimkuta uani, peke yake, anafungua vioo vya pembeni, vile vile vyenye matundu matatu. Hakuwa akifanya haraka. Aliweka kila skrubu kwenye kopo, moja moja, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Hilo sikuweza kulivumilia. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: mikwaruzo, jikoni, kijiko, pete ya jirani. Nilisema nikitazama miguu yake, nikisubiri kofi. Kisha akauliza, "Zote nane?"

"Zote, Baba."

Alikaa kwenye kibao cha kukanyagia cha lori. Nilidhani analia, na kweli macho yalikuwa na machozi, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Alinishika mkono, mkono ule ule wa dhahabu, na tukatembea haraka, karibu kukimbia, hadi kwa Mutiso, ambaye tulimtoa kwenye chakula. Mutiso alikuja na spana huku mdomo umejaa ugali. Alilifungua gurudumu, akaitoa raba moja, akainusa. Akainusa tena. Akachukua mpya kutoka mfukoni akaziweka sambamba kwenye kiganja. Ile yangu ilikuwa imefura, imelainika, nene kuliko mwenzake kwa kiasi ambacho hata Hawe, asiyeona vizuri, alikiona. "Hii imekula pilau ya harusi," Mutiso alisema. Akanifafanulia, bila kunifokea, kwamba raba za breki hazipatani na mafuta ya aina nyingine. Huyanywa zikavimba, na zikivimba ndani ya silinda haziwezi kurudi. Kisha akainama akaniomba radhi, mtu mzima kumwomba radhi mtoto, kwa sababu hakufungua gurudumu akatazama. Alikuwa amewalaumu waliotengeneza raba bila kuisikiliza raba yenyewe. Hawe alisema mficha uchi hazai, akaenda kuificha chupa yake ya mafuta ya nazi juu ya kabati, ambako, kwa kumbukumbu zangu, ilikaa hadi Pasaka.

Jumatatu silinda na mabomba yote yakasafishwa, ikaja zamu ya raba nane nyingine. Mutiso alitaka kuzitia mwenyewe. Baba akasema hapana, atatia yule yule. Nilichovya kwenye mafuta ya breki, nikasukuma, vidole vikawaka moto, na sijawahi kuyafurahia maumivu kama siku ile. Jumanne Baba na Mutiso walilijaribu lori peke yao tangu asubuhi hadi alasiri, wakirudi kila mara kugusa magurudumu kama mama anayegusa paji la mtoto mwenye homa. Yalikuwa ya uvuguvugu tu. Mkesha wa Krismasi, saa tatu asubuhi, Hawe aliketi mbele na mkoba mapajani, sisi wengine tukapanda nyuma na mizigo na majogoo wawili. Kwenye mteremko baada ya Mazeras Baba alikanyaga breki, lori likapunguza mwendo taratibu, likatii, likaachia. Baba Mkubwa, aliyekuwa amezishika mbao kwa mikono miwili, alizitoa pumzi zote kifuani akaanza kuimba. Kaloleni tulifika mchana. Baba alizima injini, akabaki amekaa tu, mikono juu ya usukani, na watu wakamngoja ashuke.

Lori hilo lilitulisha miaka tisa, kisha likachoka kama wote tunavyochoka, likauzwa, na hakuna aliyelia. Leo mimi ni mtunza stoo katika yadi moja ya malori Changamwe. Kipuri siku hizi huagizwa kwa simu kwa namba yake, huja kimefungwa vizuri, mara nyingi huingia pahali pake bila tupa wala kandambili, na mafundi wetu vijana wangemwona Mutiso kichaa kwa kuzungumza na raba. Sina kinyongo na hilo. Ningependa Baba angepata starehe hiyo. Lakini kipuri kikiharibika tunajaza fomu, na fomu ina nafasi kubwa ya kueleza kosa la kipuri, haina hata mstari mmoja wa kosa la aliyekifunga. Nimeshaona malori yakilala wiki mbili kwa sababu ya mtu mmoja aliyelimeza neno kama nilivyolimeza mimi Jumamosi ile.

Mwezi uliopita nilikwenda Kaloleni kumwona Baba. Ameshakuwa mzee, anachagua maneno. Nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kuuliza: kwa nini hakunichapa? Ndipo akaniambia kitu ambacho kwa miaka yote hii sikukijua. Jumapili ile, walipotoka kanisani, alimwambia Baba Mkubwa awaite wakata vyuma, nao walikuwa wamekubali kuja Jumatatu saa mbili asubuhi.

"Ningekuchapaje, Kadzo?" alisema. "Nilikuwa nishasema ndiyo, na moyo wangu wote unatafuta mtu wa kuniambia hapana."

Nilitoka nje nikakaa peke yangu kidogo, nikipumua kama mtu aliyenusurika jana.