Ukuta Uliogeuka Matofali

Siku moja haijanitoka kichwani, Wekesa mwanangu. Kaa hapo, na hiyo simu iweke chini kwanza.

Nilikuwa nimeolewa hapa Myanga juzi tu, bado naona haya kula mbele ya watu, babu yako alipoamua kutujengea nyumba ya matofali. Udongo aliutoa wapi? Kwa olukoba, ule ukuta wa udongo ambao wazee wetu waliuzungusha kijiji kizima ili maadui wasiwaingilie. Ulikuwa umeshikana vizuri, unafaa matofali kweli. Akaleta vijana wenzake, wakaubomoa, wakafyatua, wakachoma tanuri.

Baba mkwe alikuwa ameenda kwa dada yake kule Bumula. Aliporudi alikuta shimo. Hakupiga kelele. Kuku alichinjwa, nikapika, nikamletea maji, akakataa kunawa. Mzee akikataa kunawa kwa mtoto wake, ujue ameumia sana.

"Nilizaliwa ndani ya huo ukuta," akamwambia babu yako. "Sasa umenitoa nje."

"Baba, si vita viliisha? Ulikuwa unalinda nini?"

Ujana bana! Tulihamia nyumba mpya, mabati yanang'aa, babu yako anatembea kifua mbele.

Miaka ikapita. Baba mkwe, sasa amezeeka, akawashika watoto wetu mkono awaonyeshe ulipokuwa mlango, pale ng'ombe na watu walipopitia. Mahindi yalikuwa yamejaa kote. "Ni hapa... hapana, ni pale." Alizunguka mpaka akachoka, akaketi chini katikati ya mahindi, akalia. Babu yako alimwona kwa macho yake. Tangu siku hiyo alikuwa akiniambia, "Mama Nekesa, si ningechukua tu udongo wa mtoni." Lakini kumwambia baba yake alishindwa, na mzee akafa hajaambiwa. Hilo lilimla babu yako mpaka naye akaenda.

Halafu shangazi yako Nekesa akanipeleka kwake Sweden, kwenye kisiwa cha Gotland, mji unaitwa Visby. Wekesa, ule mji umezungukwa na ukuta wa mawe wa zamani sana, na minara yake, na milango yake. Watu wanaishi ndani mpaka leo, wamepanda maua, wanaanika nguo. Mama mkwe wa Nekesa, mzee kama mimi, alinipitisha mlangoni akiyapigapiga mawe kama mtu anayempigapiga ng'ombe wake. Akauliza, Nekesa akanitafsiria: "Na kwenu, mko na ukuta?"

Nikasema tu baridi ni kali, nikajifunika leso usoni. Nililia, mwanangu, na sioni haya kukuambia.

Sasa nasikia umeita trekta kutoka Kitale ije Jumatatu isawazishe kile kipande cha olukoba kilichobaki nyuma ya zizi, ati upate mistari michache ya mahindi. Ni hicho tu kimebaki. Mpigie mwenye trekta asije. Kitu ulichokikuta, kabla hujakigusa, uliza kwanza wale waliokuwepo kabla yako. Na ukikosea, muombe msamaha uliyemkosea akiwa bado anasikia.

Mungu akuongezee mahindi kwingine. Akupe uzee mwema, na siku utakapowashika wajukuu wako mkono uwaonyeshe kwenu, usipotee ndani ya shamba lako mwenyewe.