Tulivyoiosha Nyumba ya Tata Wamaitha

Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu Mama alipoamua kwamba tutaishi katika nyumba ambayo majirani wote waliipitia mbali. Tulikuwa tumetoka Kutus, ambako nyumba za mbao tulizopanga zilibomolewa ili barabara ipanuliwe. Baba alikuwa amekwenda Nanyuki kutafuta kazi, na hakurudi wala kutuma neno. Basi Mama akatuchukua, mimi na mdogo wangu Wangari, akaturudisha kwao Mukurweini, kwa Cucu, nyanya yetu aliyemzaa yeye.

Kwa Cucu hapakuwa na nafasi. Mjomba aliishi pale na mke na watoto wake, kwa hiyo sisi tulilala jikoni kando ya moto, na asubuhi tuliamka nywele zikinuka moshi. Ng'ambo ya kijito, kwenye mteremko wa kahawa na migomba, kulikuwa na nyumba tupu. Ilikuwa ya Tata Wamaitha, dada mdogo wa Cucu; Tata ndivyo tunavyomwita shangazi au mama mdogo. Hakuwa na mume wala mtoto. Alifariki humo peke yake, na hakuna aliyejua mpaka jirani mmoja alipochoshwa na kilio cha ng'ombe wa Tata ambaye hakuwa amekamuliwa. Baada ya mazishi mlango ulifungwa kwa waya, na nyasi zikaota hadi kizingitini.

Watu walisema nyumba ile ina thahu. Kwetu thahu ni uchafu usioonekana kwa macho. Humshika mtu aliyevuka mwiko, akakonda au akaugua bila sababu, na zamani nyumba aliyofia mtu iliachwa ianguke yenyewe. Cucu alikuwa mama wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe cha Jumapili na Biblia iliyochakaa kwa kusomwa, lakini hilo halikumzuia kuamini thahu. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yake bila kugombana. Mama alipomwambia nia yake, Cucu aliacha kumenya ndizi.

"Wamaitha alikufa akitafuta pumzi," alisema. "Atakayelala humo atatafuta pumzi pia."

 Mama alijifunga leso kichwani, akaenda sokoni.

Kule sokoni palikuwa na mtu aliyeuza dawa za kusafishia, amezitia katika chupa za soda zisizo na maandishi. Mama alinunua mbili: moja ya kung'arisha sakafu, nyingine ya choo. Aliamini, kama wengi wanavyoamini hadi leo, kwamba dawa ikinuka kwa ukali ndiyo inayofanya kazi. Nyumba yenyewe ilinuka panya na unyevu, na kuta za mbao zilikuwa nyeusi kwa masizi. Mama alimimina dawa zote mbili katika karai moja, akafunga madirisha ili ziule uchafu vizuri, akaanza kusugua.

Mimi nilikuwa nje nikichota maji. Wangari, aliyekuwa bado hajaanza shule, aliingia ndani kumtafuta Mama. Nilisikia kikohozi, kisha kikohozi kikakatika, na huko kukatika ndiko kulikonitisha. Mama alitoka mbio amembeba, macho yake mwenyewe yakitiririka machozi. Midomo ya Wangari ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Mama alikimbia naye hadi barabarani akasimamisha bodaboda, wakaondoka, nami nikabaki na kiatu kimoja cha Wangari mkononi.

Alipona. Kwenye zahanati walimfunika kinyago cha hewa hadi jioni, na daktari akamwambia Mama kwamba dawa hizo mbili hazichanganywi kamwe, kwa sababu zikikutana hutoa hewa yenye sumu. Akaongeza kwamba mtoto mwenye kifua dhaifu kama cha Wangari afadhali asikae karibu hata na moja yake.

Lakini kijijini habari haikufika hivyo. Kilichofika ni kwamba mtoto aliingia nyumba ya Wamaitha akakosa pumzi, kama Cucu alivyosema. Mjomba alitaka aitwe mzee wa kuchinja kondoo ili tutakaswe. Cucu alimchukua Wangari mapajani, akamshikilia. Wangari alipewa jina lake Cucu, na kwetu mtoto mwenye jina lako ni wewe mwenyewe umerudi. Nadhani siku ile Cucu alijiona yeye mwenyewe akikosa hewa.

Usiku huo na kesho yake mchana Mama alimuuguza Wangari. Kisha akasimama mbele ya mama yake.

"Si Tata aliyemfunga mtoto kifua," alisema. "Ni mimi, kwa mikono yangu. Zile chupa nimezifukia mbali, kila moja shimo lake. Sasa naenda kuiosha tena."

Cucu alimuuliza ataiosha na nini. Mama akajibu kwamba ataiosha na kile Tata mwenyewe alichotumia, kwa sababu alikumbuka tangu utotoni jinsi sufuria za Tata zilivyong'aa, na Tata hakuwahi kununua chupa yoyote.

Wangari aliachwa kwa Cucu, mimi nikaenda na Mama. Kwanza aling'oa vibao vya madirisha vyote, upepo ukapita ndani. Tulitoa kila kitu tukakianika juani: godoro tukalichoma, viti tukaviegemeza kwenye mibuni. Tulikusanya majivu ya jikoni kwa ndoo. Mlimau wa Tata, ambao hakuna aliyethubutu kuchuma, ulikuwa umejaa hadi matawi yanagusa chini. Dukani tulinunua magadi, yale ya kuchemshia maharagwe, na chumvi, na chupa ya siki. Mama alinipa sinia la chai lililoshika kutu, akanionyesha jinsi ya kulisugua kwa nusu ya limau iliyochovywa chumvi. Nilisugua hadi vidonda vidogo vya vidole vikawaka, na sinia likaanza kunionyesha uso wangu.

Tulipokuwa bado tunahangaika na kuta, Cucu akatokea kwenye njia, Wangari mgongoni. Hakuingia hata uani. Aliweka kigoda nje ya ua, akaketi kututazama. Mama aliendelea na kazi kana kwamba hakumwona. Hatimaye Cucu hakuweza kujizuia.

"Hayo majivu hujayachekecha," alisema kutoka kule nje. "Yana vijiwe. Utazikwaruza mbao za watu."

Mama akayachekecha.

Kesho yake kigoda kilikuwa ndani ya ua. Cucu alimwelekeza Mama aloweke majivu katika maji ya moto, ayaache yatulie, kisha ayachuje kwa kitambaa. Maji yale yalikuwa ya rangi ya chai hafifu, na ukiyagusa yaliteleza kama sabuni. Yaling'oa masizi na mafuta ukutani hadi mbao zikaonekana mishipa yake. Cucu alituonya tusiyashike kwa muda mrefu maana yanakula ngozi, akatupaka mafuta ya ng'ombe mikononi tulipomaliza. Alituambia pia tuweke makaa makavu katika vigae pembeni mwa vyumba ili yanyonye harufu. Kila siku alisogea, na kila siku alikuwa na sababu: jua limekuwa kali, au hatusikii anachosema. Mwishowe alikuwa ameketi kwenye kizingiti, miguu nje.

Kona ya chumba cha kulala tuliiacha mwisho. Hapo ndipo kitanda cha Tata kilipokuwa, na kwenye sakafu ya mbao palikuwa na doa jeusi. Mama alipiga magoti na brashi mkononi. Alikuwa amefanya kazi siku zote hizo bila kusita, lakini hapo mkono wake ulikataa. Aliweka brashi chini, akabaki anaangalia.

Sikumsikia Cucu akiingia. Nilimwona tu anapita kando yangu, anapiga magoti kwa shida, kiganja kimoja ukutani.

"Tulikosana juu ya mpaka wa shamba," alisema, bila kumtazama yeyote kati yetu. "Kitu kidogo. Nikasema sitakanyaga kwake mpaka aniombe msamaha. Juma lile lote nilimsikia ng'ombe akilia, hata mimi nilimsikia, na sikuvuka kijito."

Mama alisema, "Mama, hukujua."

"Nilimsikia ng'ombe," Cucu akarudia.

Akanyunyiza magadi juu ya doa, akamimina siki, povu likapanda likichemka. Tulingoja litulie. Kisha akachukua brashi, akasugua kwa mzunguko mdogo, polepole, kama mtu anayemwosha mtoto kichwa. Mama alimwongezea maji. Mimi nilikausha. Doa halikutoka lote. Lilibaki kivuli cha kahawia, na Cucu akasema hicho kiachwe kilivyo.

Tulihamia juma lililofuata. Cucu mwenyewe ndiye aliyemlaza Wangari usiku wa kwanza, akaketi kando yake akisikiliza kifua chake hadi usingizi ukamshinda. Wangari hakukohoa. Majirani walichukua muda. Waliongea nasi wakiwa njiani, wakakataa chai, hadi siku mvua ya mawe ilipowakuta wanawake wawili wakichuma kahawa, wakakimbilia ndani kwetu kabla ya kukumbuka kwamba wanaogopa. Walikunywa chai. Mmoja alisifu sinia.

Leo naishi Nyeri mjini, na katika supamaketi napita kwenye rafu ndefu za chupa za rangi zote bila kusimama. Wangari bado hawezi kukaa chumba kimoja na harufu zile, kwa hiyo kwangu naosha kwa magadi, siki, limau na maji ya moto, na majivu nikienda nyumbani. Watoto wangu wananicheka kidogo. Nimewaeleza kwamba hata vitu hivi vina nguvu yake na vinataka heshima, na kwamba dirisha lifunguliwe kwanza.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki nikimfanya Mama kuwa mtu asiyeamini thahu, mwanamke aliyewacheka wenye hofu na akawashinda. Mwaka juzi, tukiwa tunapukuchua mahindi barazani kwake, nilimuuliza kama ndivyo ilivyokuwa. Alinishangaa.

"Niliogopa sana," alisema. "Kila asubuhi nikishika ndoo nilikuwa natetemeka. Hata tulipohamia, nikiwa napika, nilikuwa naogopa. Miaka miwili, mitatu hivi."

Nikamuuliza mbona basi aliingia.

"Ilibidi mlale mahali," akasema, akaendelea kupukuchua.

Thahu siwezi kuwaambia kwamba haipo. Sumu iliyomfunga Wangari pumzi nilijua ilikotoka, lakini kile kilichomweka Cucu nje ya ua sikijui jina lingine, na nilikiona kikimtoka akiwa amepiga magoti. Ninachojua kwa hakika ni kwamba mama yangu aliamini kila neno aliloonywa, akainua ndoo huku mikono ikitetemeka, akaingia.